Uzi wa Bluu Sikioni mwa Keza

Gahanga, Jumapili mchana

Ineza,

Umeenda Remera kuagana na yule rafiki yako wa sekondari, na kwa jinsi ninavyowajua nyinyi wawili mkianza kuongea, nina saa tatu hivi za kuwa peke yangu. Nimefunika cherehani. Nimefunga geti kwa ndani, asije mtu kuniambia Mama Ineza nipunguzie hii sketi kiunoni.

Sitakuandikia habari za kufua wala za kula, wala za baridi ya Nairobi. Hayo tumeyasema mpaka ukaziba masikio. Nakuandikia kwa Kiswahili, hiki chetu cha jikoni nilichokuja nacho kutoka Bujumbura, kwa sababu nikiandika Kinyarwanda mkono wangu unakakamaa kama najaza fomu ya serikali.

Ni habari ya Keza. Unafikiri unaijua. Mimi ndiye niliyefanya usiijue.

Lakini kwanza nikwambie wazi: watu unaowaendea siwaamini. Ile barua yao ya kukuita kwenye maabara ya chanjo za mifugo tuliisoma pamoja mara tatu, mara ya nne nikaisoma peke yangu wewe ukiwa unaoga. Pale wanaposema kila sampuli na kila daftari ni mali ya maabara, nilipasoma kwa kidole. Halafu yule bwana aliyepiga simu kujitambulisha: alicheka kabla sijamuuliza kitu. Mtu anayecheka kabla ya swali anajua swali litakuwa gumu. Na huyo mama wa Nairobi anayesema ukae kwake mwezi wa kwanza bure, kwa nini bure? Ana mabinti wangapi? Mume wake anafanya kazi gani?

Uliniambia, “Mama, wewe ungemshuku hata padri akikupa komunyo.” Tulicheka sana. Usiku wake sikucheka tena, maana ulisema kweli.

Sikuzaliwa hivi. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na minane, na kabla ya hapo nilikuwa msichana wa kuamini kila kitu. Nilimwamini baba yako aliposema anakwenda wiki mbili. Nilimwamini shangazi aliyesema Kigali kuna chumba kinatungoja, nikafika na wewe mgongoni, chumba kina watu wake wanakula chakula cha jioni, wakanitazama na vijiko mkononi. Baada ya hapo nikawa nanusa kila neno kama mtu anavyonusa maziwa ya jana. Na mara nyingi nilikuwa sahihi, mwanangu. Hilo ndilo lililoniharibu. Shule niliishia mwaka wa pili wa sekondari, nikaona basi, hii ndiyo shule yangu nyingine, na huku ni mimi wa kwanza darasani.

Sasa Keza.

Unakumbuka tulivyopewa ng'ombe wetu Gaju. Ulikuwa na miaka tisa, ukamfungia shingoni kitambaa cha kitenge nilichobakiza sokoni Kimironko. Na unakumbuka sharti lake. Ukipewa ng'ombe na serikali kwa njia ile, mtamba wake wa kwanza si wako. Unamlea, unampa jina, unamzoea, halafu unamfungua kamba na kumpeleka kwa aliyeandikwa baada yako. Hapo ndipo watu wanakuona umesimama. Aliyeandikwa baada yangu alikuwa Mama Fifi wa ng'ambo ya ua. Gaju alipomzaa Keza, Mama Fifi alikuwa anapitisha majani ya viazi juu ya ua kila asubuhi. “Mpe mwanangu,” ananiambia. Namjibu, “Bado ni wangu huyu, usimharakishe.” Tulikuwa marafiki namna hiyo.

Keza alipokuwa mtamba mkubwa, karibu wa kukabidhiwa, ndipo wakaja watu wa chanjo. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, ulikaa chini mbele kabisa kwenye mkutano. Dokta Odette alisimama na buti zake za mpira akaeleza kwamba kuna kirusi kinawapata ng'ombe, kinawafanya pua iwe nyekundu, wanakohoa, na wenye mimba wanaitupa. Akasema kinaitwa hepesi, ni ndugu wa kile kinachowatoa watu malengelenge mdomoni wakiwa na homa. Mzee mmoja nyuma akauliza, “Kwa hiyo ng'ombe wangu alimbusu nani?” Watu wakacheka mpaka mkuu wa umudugudu akagonga meza kukituliza kijiji.

Dokta akasema ubaya wa kirusi hiki ni kwamba ng'ombe akipona hakitoki. Kinalala ndani ya mishipa ya fahamu, na siku akichoka, akisafirishwa, akizaa, kinaamka, kinatoka puani na kuwaambukiza wengine. Ndiyo maana wanatengeneza chanjo mpya, na wanataka kuijaribu kwenye mitamba ambayo damu yake bado safi. Halafu akasema kile kilichonifanya nisimame. Nusu ya mitamba itapata chanjo, nusu itapata maji ya chumvi tu, na hata yeye anayechoma hatajua ipi ni ipi.

Nikamuuliza, “Dokta, samahani. Kama wewe mwenyewe hujui unachomchoma ng'ombe wangu, nani anajua?”

“Daftari linajua, Mama. Liko kabatini, limefungwa mpaka mwisho.”

“Na funguo anakaa nayo nani?”

Watu wakacheka tena. Hata yeye alicheka, na akanijibu vizuri, akaeleza kwamba wakijua mapema watawaangalia wa chanjo kwa jicho la huruma na kudanganya bila kukusudia. Leo naelewa. Siku ile nilisikia kitu kimoja tu: kuna daftari, limefungwa, na mimi simo ndani ya chumba lilipo.

Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu. Sindano ikiwa mbaya, itamharibu Keza. Ikiwa nzuri, watampa maji. Pande zote mbili mimi nimepoteza. Na Keza hakuwa wangu wa kupoteza. Ningempelekea Mama Fifi mtamba aliyeharibiwa na wageni, mbele ya umudugudu mzima? Watu wangesema huyu wa kutoka Bujumbura alikula kizuri akarudisha kibovu.

Utauliza kwa nini sikukataa tu. Dokta alisema mtu yeyote anaweza kukataa. Alisema mara mbili. Sikuamini. Niliona nikikataa watasema simo kwenye maendeleo, na Gaju wanaweza kuja kumchukua. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe, kwa sauti ya watu wengine. Kwa hiyo nikatia sahihi, nikatabasamu, na wakambana Keza hereni ya njano sikioni, namba sitini na moja.

Wiki ile ya sindano nilikutuma kwa bibi yako Nyamata ukakae siku tano. Hukujiuliza kwa nini, katikati ya shule. Nilimwomba mjomba wako aniletee mtamba wake kutoka Bugesera, yule wa rangi ya udongo kama Keza. Nikamwambia nataka tuwapime urefu, akanitazama lakini akaleta. Alimtembeza njia nzima, jua kali, akafika amechoka na makamasi yanamtoka. Nilidhani ni vumbi.

Basi nikachukua mkasi wangu wa kukatia kola, nikakata kile kipini kinachobana hereni ya Keza, nikaivua. Nikachukua sindano ya magunia na uzi wa nailoni, nikamshonea yule mgeni hereni sikioni. Mjomba wako alimshika pembe, akasema, “Dada, wewe una akili za ajabu.” Nilifurahi kusikia hivyo. Keza nikamfungia nyuma ya banda, kwenye kile chumba cha majani.

Dokta Odette mwenyewe hakuja siku ile. Alikuja mwanamume mwenye haraka, ana nyumba nyingi za kupita, kisanduku cha barafu begani. Akasoma namba, akachoma, akaandika, akanipa pole kwa usumbufu. Mimi nikamtazama anaondoka nikasema moyoni: nimewaweza.

Yule mtamba mgeni alikaa siku tatu kwetu kabla mjomba wako hajamrudisha. Alikunywa kwenye ndoo ya Keza. Nikamshonea Keza hereni yake, mshono mdogo, safi, ndani ya nywele. Unajua mkono wangu. Ulirudi kutoka Nyamata ukamkumbatia shingo na hukuona kitu.

Baada ya siku chache pua ya Keza ikawa nyekundu kama imepakwa rangi. Machozi, kikohozi, hataki kula. Ukanijia jikoni ukiwa na ile sauti yako ndogo. “Mama, ni sindano?”

Nikasema, “Labda.”

Ineza, neno hilo nimelibeba miaka saba. Nilikuwa najua kwamba Keza hakuchomwa chochote. Ulikuwa mtoto, umesimama na ndoo, unaniuliza mimi kwa sababu mimi ndiye ninayejua.

Na sikumwita Dokta, ingawa tulikuwa tumeambiwa tukiona pua nyekundu tupige simu siku hiyo hiyo. Angekuja angeshika sikio. Keza akapona, akanenepa. Tukampeleka kwa Mama Fifi na nyimbo na maziwa, wewe umeshika kamba. Alipokea ile kamba kwa mikono miwili, akalia. Nilisimama pale nikijua kwamba aliugua na sikusema.

Yaliyofuata uliyaona. Keza akiwa na mimba ya miezi saba, Mama Fifi akaniita asubuhi kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Ndama kwenye majani, amelowa, hana hata nywele kamili. Wewe ndiye uliyemfunika na kitenge. Wiki mbili baadaye ng'ombe wake mwingine, yule mzee aliyekuwa anamlishia watoto, naye akatupa mimba.

Dokta Odette akaja kuchukua damu, namba akaisoma bila kushika sikio. Unakumbuka alivyotueleza, kwamba chanjo yao wameitoa kipande kimoja cha kile kirusi makusudi, ili damu ya aliyechanjwa isifanane na ya aliyeambukizwa porini. Nililielewa lile haraka kuliko watu wote, ni kama sare unayoishona bila mfuko. Ukimkuta msichana sare yake ina mfuko, unajua aliipata kwingine. Basi damu ya Keza ilikuwa na mfuko. Na daftari lilipofunguliwa, namba sitini na moja ilikuwa upande wa chanjo.

Akakaa kwenye kile kistuli changu cha kukatia nguo. “Chanjo ilimshinda,” akasema polepole. “Mama Ineza, siku ya sindano hakukuwa na jambo lolote? Hata dogo?”

“Hakukuwa. Au mnatafuta mtu wa kumtupia mzigo?”

Akainamisha macho. Akaomba msamaha, yeye, kwangu mimi.

Na kwenye mkutano uliofuata nilisimama. Hakuna aliyeniuliza, nilisimama mwenyewe. Nikasema hawa watu wanakuja na chupa wasizozijua, wanajaribia kwa maskini, ndama wa Mama Fifi yuko chini ya udongo. Watu wakapiga makofi. Wakatoa mitamba yao mmoja mmoja, kazi ikafa kwenye kilima chetu, na Dokta akahamishwa sijui wapi. Wakati wa kuondoka ulinishika mkono ukasema, “Nitasoma mpaka nijue kilichokuwa ndani ya ile chupa.”

Ukasoma. Miaka yote hiyo nilikushonea sare, nikakuwashia taa, nikawaambia wateja wangu Kimironko binti yangu anasoma sayansi. Kila nilipokuona umeinamia kitabu nilijivunia, kisha nikageuza uso.

Halafu mwezi ule ulinisomea barua yako ya maombi. Nilikuwa napiga pasi. Ukasoma kwamba ukiwa na miaka kumi na miwili uliona chanjo ikimshinda ng'ombe wa jirani yenu na unataka kujua kwa nini. Niliunguza kola ya mteja. Ukadhani nimeguswa.

Na yule bwana anayecheka akasema barua hiyo ndiyo iliyowavuta. Kwamba wanaitengeneza upya ile chanjo, na kazi yako ya kwanza itakuwa kupekua madaftari ya zamani, kuwatafuta ng'ombe ambao iliwashinda, na kutafuta sababu. Utakaa mbele ya namba sitini na moja, mwanangu, utaitafutia sababu ndani ya chupa, na sababu haimo ndani ya chupa. Iko kwenye kikapu changu cha nyuzi.

Alhamisi nilikwenda kwa Mama Fifi. Unajua tulivyo sasa, habari za asubuhi, habari za jioni, basi. Alikuwa anakata majani, hakuacha kukata. Nikamwambia yote, nimesimama, kama nilivyokuandikia wewe.

Akasema, “Uzi ulikuwa wa bluu.”

Akatupa majani kwenye rundo.

“Bluu ya sare ya Fifi. Ulimshonea mwaka ule ule. Siku wanamchukua Keza kumchinja nilimvua ile hereni, nikaona. Hereni haishonwi, Mama Ineza. Inabanwa.”

Nikakumbuka. Alinitupia ile hereni juu ya ua siku ile, akasema chukua namba yako. Nilidhani ni hasira ya hasara tu.

“Ulijua miaka yote?”

“Nilikuwa nashuku. Kujua ni kwako.”

“Mbona hukuniuliza?”

“Nikuulize? Wewe ndiye bingwa wa kushuku hapa Gahanga, nikakuachia kazi yako.” Akakata majani mengine. Halafu akasema, “Ineza anajua?”

“Hapana.”

“Basi umekosea nyumba. Anza na yule. Mimi utanikuta hapa hapa, siendi Nairobi.”

Hakunikaribisha ndani. Hakunifukuza pia. Sijui maana yake, na safari hii sitaki kujifanya najua.

Kwa hiyo ndiyo hii barua. Sikwambii usiwashuku hao watu wa maabara. Washuku. Mwulize huyo mama wa Nairobi kwa nini bure. Waulize daftari linakaa wapi na nani ana funguo, na wakicheka, uliza tena. Dokta Odette alinijibu kila nilichomuuliza, mimi niliacha kuuliza mapema, nikaenda nyuma ya banda na sindano. Ningemuuliza swali moja zaidi, mbele ya watu, la kweli, “Naruhusiwa kukataa bila kunyang'anywa ng'ombe?”, angesema ndiyo, na Mama Fifi angekuwa na ndama, na wewe labda ungekuwa mwalimu wa hesabu.

Utaona mwenyewe la kufanya na haya. Mimi nataka uwaambie. Jina langu uliandike, lisikuogopeshe, na la mjomba wako pia, nimeshamwambia. Ikiwa watasema barua yako ilijengwa juu ya uongo na hawakutaki, rudi. Chumba chako sitampangisha mtu. Na Dokta Odette, ikiwa yuko hai mahali fulani bado anavaa zile buti, mtafute. Alikwenda akiamini dawa yake ilimwangusha.

Hereni iko ndani ya bahasha hii. Namba bado inasomeka, na uzi bado upo, umechujuka kidogo. Nilifikiri niishone ndani ya pindo la koti lako, uikute ukishafika mbali, na mimi nisiuone uso wako. Nilishatunga uzi kwenye sindano. Nimeutoa.

Nitakupa mkononi leo, ukirudi kutoka Remera, kabla hatujala. Isome hapa hapa mezani. Nitakuwa nimekaa mbele yako, cherehani imefunikwa. Uliza chochote.

Mama yako